Lomé: uwanja wa ndege wa wastani unaoishi kwa abiria wa majirani

Julai 2016 Ethiopian Airlines ilianza safari ya Addis Ababa kwenda Newark, jirani na New York, kwa Boeing 787 inayotua Lomé njiani. Kwenye ramani njia hiyo imepinda waziwazi. Moja kwa moja, Addis Ababa hadi Newark ni kama kilomita 11,200. Kwa kupitia Lomé zinafika karibu 12,500. Hizo kilomita 1,300 za ziada ni saa moja na nusu ya mafuta, ya marubani na ya injini, na juu yake kuna ada ya kutua. Shirika linalojua hesabu zake halibebi gharama hiyo bure. Sasa mji wa pwani, katika Togo, nchi ndogo yenye watu wachache kuliko Lagos peke yake, ulikuwa na nini hata ndege ya masafa marefu ipinde njia kuufuata?

Jibu linalosikika haraka ni jengo jipya la abiria. Ni kweli lipo, na ni zuri: lilizinduliwa Aprili 2016 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China wa takriban dola milioni 150, na linaweza kuhudumia abiria milioni 2 kwa mwaka. Lakini tazama tarehe. ASKY, shirika la ndege lenye makao yake Lomé, lilianza kuruka Januari 2010. Safari za Ethiopian za Addis Ababa, Lomé na Brazil zilianza Julai 2013. Kitovu, yaani uwanja ambao abiria hubadilishia ndege, kilikuwa kinafanya kazi kwa miaka sita ndani ya jengo kuukuu na dogo kabla ya jipya kufunguliwa. Viongozi wengi wa viwanja vya ndege Afrika hufanya kinyume chake: hujenga kwanza, kisha hutafuta wa kutua. Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa utulivu.

Pengo la Air Afrique

Air Afrique iliundwa mwaka 1961 na nchi 11 zilizokuwa makoloni ya Ufaransa, na ikafilisiwa mwaka 2002. Ilipokufa, Afrika Magharibi na ya Kati zilibaki na miji mikuu mingi iliyo karibu lakini isiyofikika. Mfanyabiashara wa Bamako aliyetaka kwenda Libreville aliweza kujikuta akipitia Paris au Casablanca, analipa nauli mara mbili na kulala njiani.

Pengo hilo lilionwa na kila mtu. Tofauti ni namna lilivyozibwa. Air Afrique ilikuwa mali ya serikali, na kila serikali ilikuwa na sauti katika njia zipi ziruke, nani aajiriwe na nani asafiri bila kulipa. ASKY ikaundwa kama kampuni ya kibiashara, ikiongozwa na Gervais Koffi Djondo, mmoja wa waasisi wa benki ya Ecobank. Wenye hisa wa mwanzo walikuwamo Ecobank, Benki ya Maendeleo ya Afrika Magharibi na benki ya uwekezaji ya ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi. Zote tatu zina makao makuu Lomé. Jambo hili hupuuzwa kwenye mijadala, nami naliona zito kuliko mengi: Lomé haikwenda kutembeza bakuli la mtaji ugenini. Mtaji wa kanda ulikuwa umekaa mtaa wa pili, na waliotoa fedha waliutazama mradi kila siku kutoka madirisha ya ofisi zao.

Mwenye hisa mwingine alikuwa Ethiopian Airlines, aliyeingia akiwa pia mbia wa kiufundi. Alileta ndege, marubani wa kuanzia, wahandisi, mfumo wa kuuza tiketi na menejimenti. Kwa shirika changa, vitu hivyo vinapita fedha taslimu. Cheti cha uendeshaji, mpango wa matengenezo unaokubalika na bima, na mikataba ya vipuri huchukua miaka kwa anayeanza peke yake. Kwa mbia aliyekwisha kuvipitia, ni suala la miezi.

Alichokosa mbia nyumbani kwake

Ushirikiano unaodumu hujengwa juu ya kitu ambacho upande wa pili hauwezi kukipata kwake. Kwa Ethiopian, kitu hicho kilikuwa mwinuko mdogo.

Uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko mita 2,334 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini na uwezo wa mabawa kuinua ndege kwa wakati mmoja, hivyo ndege inahitaji kasi kubwa zaidi ya ardhini kabla haijaruka, na matairi na breki vina kikomo chake. Njia ndefu ya kurukia ya Bole ina mita 3,800, na bado ndege yenye tangi lililojaa kwa safari ya saa 14 au 15 kuelekea magharibi, ikipambana na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi, haiwezi kuondoka na abiria na mizigo yote. Inabidi kupunguza kimoja. Kurudi ni rahisi: Marekani ndege huondoka kwenye uwanja wa chini, upepo unaisukuma mgongoni, na inaweza kufika Addis Ababa bila kusimama.

Lomé iko mita 22 tu juu ya bahari, na njia yake ya kurukia ina mita 3,000. Ni fupi kuliko ya Bole, lakini hewa nzito ya pwani inafidia tofauti hiyo na kuacha ziada, hata kwa joto la nyuzi 30. Ndege inatoka Addis Ababa na mafuta ya kilomita 4,150 tu, imejaa abiria, inatua Lomé, inajaza tangi, na kuondoka nzito kwa kilomita 8,300 za Atlantiki. Mafuta yenyewe yanaingia kwa bahari kupitia bandari ya mji huohuo, hayasafirishwi kwa malori siku tatu kama inavyokuwa kwa viwanja vya nchi zisizo na pwani.

Lakini pwani ya Guinea ina viwanja vingi vya chini. Accra, Abidjan, Cotonou na Lagos zote ziko karibu na usawa wa bahari. Hata mahali Lomé ilipo kwenye ramani si pa pekee. Dakar hadi Kinshasa kupitia Lomé kunaongeza chini ya kilomita 20 ukilinganisha na mstari ulionyooka. Fanya hesabu hiyohiyo kwa Abidjan utapata jibu lilelile. Anayesema Lomé ilishinda kwa jiografia anaueleza nusu ya ukweli, kwa sababu jiografia hiyo waligawiwa majirani wote.

Nusu ya pili ni kwamba Lomé haikuwa na cha kulinda. Côte d'Ivoire ilikuwa na nia ya shirika lake, na Air Côte d'Ivoire ikaanza mwaka 2012. Nigeria ina mashirika ya ndani yenye sauti kubwa Abuja. Mahali penye shirika la taifa, mgeni anayebisha hodi anaweza kuombwa kwanza kuahidi kutolidhuru. Togo haikuwa na shirika la taifa lenye nguvu la kulalamika. Udogo wa soko lake, uliokuwa unyonge, ukageuka fursa: iliweza kutoa haki za anga bila kuogopa kumuumiza mwanawe.

Haki za anga, kwa lugha ya kawaida

Hapa ndipo miradi ya namna hii hukwama kimyakimya, kwa hiyo tuzipange vizuri. Haki za anga ni ruhusa ambazo nchi hupeana za kuruka na kubeba abiria, nazo huitwa “uhuru” na kupewa namba. Shirika la Togo kubeba abiria kutoka Lomé hadi Douala na kumrudisha ni uhuru wa tatu na wa nne. Ndege ya ASKY ikitoka Lomé, ikatua Douala na kuchukua abiria wapya wa Libreville, huo ni uhuru wa tano, na unahitaji ridhaa ya Kamerun na Gabon. Ethiopian kuuza tiketi ya Lomé hadi Newark nao ni uhuru wa tano: shirika la nchi ya kwanza linabeba watu kati ya nchi ya pili na ya tatu. Abiria anayetoka Dakar, akabadilisha ndege Lomé, akaendelea Kinshasa, anasafiri kwa kile kinachoitwa uhuru wa sita, yaani uhuru wa nne na wa tatu vilivyounganishwa kwenye kitovu.

Uhuru wa sita hauombwi kwa jina, ila hubanwa kwa mlango wa nyuma. Mkataba wa kale kati ya nchi mbili unaweza kuruhusu safari tatu tu kwa wiki. Safari tatu hazijengi kitovu, kwa sababu abiria wa Jumanne hataki kusubiri hadi Ijumaa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya uwanja unaotaka kuwa kitovu si ya zege. Ni kukaa na wizara na mamlaka ya usafiri wa anga, kufungua jalada la kila mkataba, na kuandika karibu na kila nchi idadi ya safari zilizoruhusiwa kwa wiki, aina ya ndege, na kama uhuru wa tano umo.

Msingi wa kisheria upo tangu Uamuzi wa Yamoussoukro wa mwaka 1999, uliofungua anga baina ya nchi za Afrika hadi uhuru wa tano. Januari 2018 Umoja wa Afrika ukazindua Soko Moja la Usafiri wa Anga, nchi 23 zikiwa zimejiunga, na Rais wa Togo akawa mhamasishaji wake mkuu. Cheo hicho hakikuwa cha mapambo tu: kila nchi iliyolegeza masharti ilikuwa inaongeza mguu mmoja kwenye kitovu cha Lomé. Hata hivyo saini si utekelezaji. Nchi inaweza kuwa mwanachama na bado maombi ya safari ya nne kwa wiki yakalala mezani miezi minane. Mtu wa kufuatilia majalada hayo, ofisi kwa ofisi, ana thamani kuliko meneja wa matangazo.

Wimbi la muda wa saa tatu

Kitovu ni hesabu. Miji 20 ikiunganishwa na Lomé, jozi za miji zinazoweza kuuzwa ni 20 za kwenda Lomé yenyewe, na 190 za kupitia. Ukiongeza mji wa 21, umeongeza jozi 21 kwa njia moja tu mpya. Ndiyo sababu njia inayoonekana kula hasara peke yake inaweza kuwa inalisha nyingine zote, na ndiyo sababu mhasibu anayepima kila njia kivyake anaweza kukibomoa kitovu huku akidhani anakiokoa.

Jozi hizo 190 zipo tu kama ndege zinakutana. Ndege 20 zikitua kila moja kwa saa yake, toka asubuhi hadi usiku, abiria wengi watakaa saa sita kwenye viti. Dawa ni wimbi: ndege zote zinaingia ndani ya muda mfupi, abiria wanabadilishana, zote zinaondoka. Chukua mfano wa ndege kumi, wastani wa abiria 90 kila moja, zikitua kati ya saa 4:30 na saa 5:30 asubuhi na kuondoka kati ya saa 6:30 na saa 7:30 mchana. Hao ni watu 900. Asilimia 60 wakiwa wa kuunganisha, una watu 540 wanaotakiwa kupita ukaguzi wa usalama ndani ya saa moja. Njia moja ya ukaguzi, yenye mashine na wafanyakazi waliozoea, hupitisha watu kama 150 kwa saa. Unahitaji njia nne. Saa 9 alasiri unahitaji moja.

Ugumu wa uwanja wa wastani uko hapo hasa. Wastani wa siku unaonyesha uwanja una nafasi tele. Dakika 90 za kilele cha wimbi zinaonyesha umefurika. Anayepanga kwa wastani wa mwaka atajenga ukumbi mpana na milango miwili ya ukaguzi, na ndege zitaondoka zikiacha watu foleni.

Mizigo ni ngumu zaidi ya watu, kwa kuwa begi haliulizi njia. Watu 540 wana mabegi kama 700. Utaratibu unaofaa huanza kwenye uwanja wa kuondokea: mabegi ya kuunganisha yapakiwe mwisho, karibu na mlango wa shehena, yatoke kwanza. Kwenye Boeing 737 mabegi hupakiwa kwa mkono, si kwa makontena, kwa hiyo mpangilio huo unategemea wapakiaji wa Niamey au Cotonou, si wa Lomé. Yakitua, yale ya safari zinazoondoka ndani ya dakika 60 yasipelekwe kabisa kwenye chumba cha kupangia. Kitoroli kiende moja kwa moja kutoka ndege hadi ndege. Mengine yapite ukaguzi na kupangwa kwa jina la mji. Makosa mengi yanatokana na lebo isiyofika mwisho wa safari: abiria amenunua tiketi mbili tofauti za mashirika mawili yasiyo na makubaliano, begi limeandikwa Lomé tu, naye yuko eneo la kupita asiloruhusiwa kutoka kwenda kulichukua. Makubaliano ya kupokeana mizigo na kushirikiana namba za safari yanamaliza tatizo hilo, nayo yanapaswa kusainiwa kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa.

Kisha kuna swali la kila siku: ndege ya Bamako imechelewa dakika 40, ina abiria 14 wa Libreville. Usubiri au uachie? Jibu lisitegemee huruma ya msimamizi wa zamu. Weka hesabu ukutani: hoteli na chakula kwa watu 14 hadi kesho, fidia, na viti 14 vya kesho ambavyo huenda vimeshauzwa; upande wa pili, dakika 40 za watu 100 waliokwishakaa ndani, saa za kazi za marubani, na kama ndege hiyo ina wimbi la pili la jioni la kuwahi. Mara nyingi kusubiri dakika 20 kunafaa, kusubiri 40 kunaharibu jioni nzima. Msimu wa harmatani, upepo wa vumbi kutoka Sahara, kati ya Desemba na Februari, mwonekano hushuka miji ya Sahel, na wimbi hupigwa siku nyingi mfululizo. Ratiba ya miezi hiyo iwe na nafasi pana zaidi ya kubadilishia. Kuiga ratiba ya Juni ni kujitakia lawama.

Ada

Abiria wa kuunganisha hajaichagua Lomé kwa kuipenda. Amechagua nauli na saa. Kila senti inayoongezwa juu yake inamsogeza Abidjan, Accra au Casablanca. Ada za abiria na kodi za Afrika Magharibi ni miongoni mwa nzito zaidi duniani, na kwenye safari fupi zinaweza kukaribia nauli yenyewe. Kiwanja kinachomtoza wa kuunganisha sawa na anayeanzia safari kinajinyonga, kwa sababu huyo wa kuunganisha tayari amelipa alikotoka. Mapato yake yatafutwe kwingine: ada ya kutua na kuegesha, huduma za ardhini, mafuta, maduka, mizigo. Abiria 540 wenye saa moja mbele ya kaunta ya kahawa ni biashara. Abiria 540 kwenye foleni ya ukaguzi si biashara.

Desemba 2024 wakuu wa ECOWAS walikubaliana kufuta kodi za usafiri wa anga na kupunguza ada za abiria na za usalama kwa asilimia 25, kuanzia Januari 2026. Kwa kitovu kinachoishi kwa safari fupi za kikanda, uamuzi huo una uzito kuliko jengo lolote. Ila unamfikia kila mshindani pia, na unategemea hazina za nchi ambazo zimezoea fedha hizo.

Kinachoingia kwa kila mlango

Julai 2014 msafiri mmoja mgonjwa alitoka Monrovia kwa ndege ya ASKY, akabadilisha Lomé, akatua Lagos. Alikuwa na Ebola. Nigeria ilipata wagonjwa 20 na vifo 8 kabla ya kuudhibiti mlipuko, na ASKY ikasitisha safari za Monrovia na Freetown mwishoni mwa mwezi huo. Ndivyo kitovu kilivyo: kinachounganisha jozi 190 za miji kwa biashara kinaziunganisha kwa kila kitu. Uwanja wa namna hii unahitaji chumba cha kutenga mgonjwa ndani ya eneo la kupita, si upande wa wanaoingia nchini tu, na unahitaji orodha ya viti inayoweza kutolewa ndani ya saa chache kwa miji yote iliyolishwa na ndege moja. Viwanja vingi bado vinapima joto la wanaogonga mhuri na kuwaacha wanaounganisha wapite.

Siasa nazo hukata miguu ya kitovu bila notisi. Januari 2022 ECOWAS iliiwekea Mali vikwazo na kufunga mipaka ya anga hadi Julai. Mwishoni mwa Julai 2023 ikawa zamu ya Niger, baada ya mapinduzi, na vikwazo vikadumu hadi Februari 2024. Januari 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zikatoka rasmi ECOWAS. Bamako, Ouagadougou na Niamey si vijiji vya pembeni kwa Lomé. Ni wateja wa asili, kwani Togo ni bandari yao pia. Kinachosaidia ni kwamba nchi hizo bado zimo kwenye umoja wa fedha wa CFA pamoja na Togo, wenye kanuni zake za usafiri wa anga. Fundisho la kiufundi ni kutotegemea mlango mmoja wa kisheria: kila mji mkubwa uwe na mkataba wa nchi mbili unaosimama hata jumuiya ikivunjika.

Na kuna fedha zinazogandishwa. Katikati ya 2023 mashirika ya ndege ya kimataifa yalikuwa na zaidi ya dola milioni 800 ndani ya Nigeria zisizoweza kutolewa kwa uhaba wa fedha za kigeni. Kwa shirika dogo la kanda, mauzo ya mji mmoja yakikwama miezi sita, hakuna fedha za matengenezo ya injini. Dawa iliyopo ni ya kawaida: punguza viti vinavyouzwa huko kwa sarafu ya huko, ongeza vinavyouzwa kwa wanaorudi, na lipa mafuta ya huko kwa fedha za huko.

Mbia mmoja

Baada ya janga la korona, Lomé imevuka abiria milioni moja kwa mwaka. Ni mafanikio ya kweli, na yote yameegemea nguzo moja. Ethiopian imejaribu njia hiyohiyo kwingine. Nchini Malawi ilichukua asilimia 49 mwaka 2013, Chad asilimia 49 mwaka 2018, Zambia asilimia 45 mwaka 2021. Shirika la Chad halikudumu. Mpango wa Nigeria, uliotangazwa 2022 kwa asilimia 49, ulikwama mahakamani na serikali mpya ikausimamisha 2023. Ukilinganisha, unaona kilichotofautisha Lomé: Chad na Malawi ziliomba shirika la taifa, Nigeria iliomba fahari yake irudi, Togo iliomba ndege za wengine zipite kwake. Nchi mbili za kwanza zina masoko madogo yasiyo na njia za kupitia. Togo nayo soko lake ni dogo, ila iliuza mapito.

Washindani hawajalala. Accra ilifungua jengo lake la tatu 2018 lenye uwezo wa abiria milioni 5, na ina soko la nyumbani kubwa kuliko la Lomé mara kadhaa. Dakar ina uwanja mpya tangu Desemba 2017. RwandAir iliweka kambi Cotonou, kilomita 150 hivi kwa barabara. Ethiopian yenyewe ilifungua safari ya New York kupitia Abidjan, ishara kwamba mbia hakufunga ndoa ya mke mmoja.

Hatari ya ndani zaidi iko Ethiopia kwenyewe. Uwanja mpya umepangwa karibu na Bishoftu, kusini mashariki ya Addis Ababa, mahali palipo chini kuliko Bole kwa mamia ya mita. Ndege mpya nazo, kama Airbus A350-1000 ambayo Ethiopian ilianza kuipokea mwishoni mwa 2024, zinabeba zaidi kutoka uwanja wa juu. Bishoftu bado ni nyanda za juu, si pwani, kwa hiyo hitaji la kusimama njiani halitafutika kwa siku moja. Litapungua. Siku litakapopungua vya kutosha, kitakachoiweka 787 Lomé si mafuta tena. Ni idadi ya abiria wanaopanda pale kwenda Marekani. Hao wanatoka Ouagadougou, Libreville, Cotonou na Niamey, kwa mawimbi ya ASKY.

Kwa hiyo mkataba unaofuata na mbia huyo unapaswa kupima kitu kingine. Badala ya kuhesabu kutua, uhesabu viti vinavyotengwa kwa wanaopandia Lomé: kama ndege imekuja na abiria 250 wa Addis Ababa, kanda imebakiwa na viti 20, na kitovu kinageuka kituo cha mafuta. Uweke idadi ya chini ya viti kwa msimu, punguzo la ada ya kutua likipanda pamoja nayo. Uweke pia karakana: matengenezo ya usiku ya ndege za ASKY yafanyike Lomé na mafundi wanaofunzwa Lomé, kwa sababu ndege huhamishwa kwa barua moja, lakini mafundi 200 wenye leseni na ghala la vipuri havihamishwi hivyo. Na haki za anga zibaki kwenye jina la shirika lililosajiliwa Togo, zisikodishwe pamoja na ndege.